Lewis na Klitschko 2003: daktari alimnyang'anya Vitali mkanda au alimwokoa jicho?

Ngumi Jiwe (mleta mada)

Wadau wa masumbwi habari zenu. Nimelirudia tena pambano la Lennox Lewis na Vitali Klitschko, lile la tarehe 21 Juni 2003 pale Staples Center, Los Angeles, na kila nikiliangalia naishia palepale, kwamba daktari aliliua pambano tamu kuliko mengi ya uzito wa juu ya miaka ile. Naombeni mnisikilize kwanza ndo mnipinge.

Kwa ambao hamkuliona, Vitali hata hakuwa mpinzani aliyepangwa. Lewis alikuwa azichape na Kirk Johnson, Johnson akaumia, Vitali akaitwa zikiwa zimebaki kama wiki mbili tu. Lewis ana miaka 37, mwaka mzima hajapanda ulingoni tangu alivyomlaza Tyson kule Memphis Juni 2002, na kwenye mizani akaja na paundi 256 na nusu, yani kama kilo 116, hajawahi kuwa mzito vile kwenye maisha yake yote ya ngumi za kulipwa. Raundi ya 2 Vitali akamwingizia kulia moja ya maana, bingwa miguu ikalegea dunia nzima inaangalia. Raundi ya 3 Lewis naye akarudisha ya kwake, ikatua juu ya jicho la kushoto la Vitali, nyama ikafunguka, na kuanzia hapo ni damu tu.

Sasa angalieni alivyopigana na hiyo damu. Anarusha jebu (ngumi fupi ya mkono wa mbele) huku inamchuruzika shavuni, Lewis anahema mdomo wazi, anakumbatia, anaegemea. Raundi ya 6 inaisha majaji wote watatu wana 58-56 kwa Vitali. Wote watatu wakuu! Af daktari Paul Wallace anaangalia jicho, anamwambia refa Lou Moret imetosha, kwisha. TKO, yani ushindi wa pambano kusimamishwa, na mkanda wa WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) unabaki kwa Lewis, Vitali anapinga palepale na ukumbi unamzomea bingwa wakati anahojiwa.

Swali langu ni hili, bondia anaongoza kwenye kadi zote, hajaanguka, anataka kuendelea, anapotezaje pambano la ubingwa wa dunia kwa sababu ya ngozi?

Mzee wa Jebu

Mkuu umeandika vizuri ila hapo mwisho ndo ulipoteleza, hapo kwenye "kwa sababu ya ngozi". Ile ngozi haikupasuka yenyewe. Ilipasuliwa na konde la kulia la Lennox Lewis, konde halali, la kwenye glovu, na ndo maana matokeo yakawa TKO wala hayakwenda kwenye kadi.

Tuliweke hili sawa maana kila mara watu wanalichanganya. Jeraha likitokana na ngumi halali na pambano likasimamishwa, aliyepasuliwa kapoteza, hata kama alikuwa anaongoza raundi zote, na haijalishi ni raundi ya 1 au ya 12. Jeraha likitokana na vichwa kugongana kwa bahati mbaya hapo ndo hesabu inabadilika: kabla raundi 4 hazijaisha pambano linafutwa au linahesabiwa sare, zikishapita 4 zinafunguliwa kadi na aliye mbele ndo mshindi. Kwa hiyo kama Vitali angepasuka kwa kichwa cha Lewis, 58-56 ingempa mkanda usiku uleule. Kapasuka kwa ngumi. Kwenye mchezo huu kumpasua mtu ni kazi kama ilivyo kumwangusha, Henry Cooper hilo alilijua maisha yake yote, Mei 1966 pale uwanja wa Arsenal alikuwa anapambana vizuri tu na Ali, raundi ya 6 nyusi ikafunguka, refa akamaliza. Hakuna aliyesema Ali kabebwa.

Buda wa Eastlando

Mimi niko na Ngumi Jiwe kwa hii. Sheria naijua mzee wangu, hiyo ya kichwa na ngumi hakuna anabisha. Kitu inaniuma ni vile hiyo sheria inatumiwa. Wacha niwakumbushe Tyson Fury na Otto Wallin, Las Vegas, Septemba 14, 2019. Raundi ya 3 Wallin akampasua Fury juu ya jicho la kulia, kidonda kirefu kinafuata nyusi yote, baadaye alishonwa nyuzi 47. Refa Tony Weeks akasema imetoka kwa ngumi, kumaanisha ikisimamishwa tu Wallin ameshinda kwa TKO na Fury amepata kichapo yake ya kwanza. Raundi tisa nzima damu imejaa kwa uso, daktari anakuja anaangalia anaenda, anakuja anaangalia anaenda, na fight ikaisha raundi zote 12, Fury akapewa kwa pointi 116-112, 117-111 na 118-110.

Sasa niambieni. Fury ndiye alikuwa na jina na fight ya pili, ya pesa kubwa na Deontay Wilder, ilikuwa inamngoja. Vitali 2003 alikuwa mtu wa kuitwa wiki mbili kabla. Huyo wa jina akapewa raundi tisa na damu, huyu wa kuitwa akapewa tatu. Mnataka niamini hiyo ni udaktari peke yake? Siwezi.

Sista wa Zamu

Kaka Buda hiyo hoja yako ina uzito upande wa pesa, ila mimi niongelee jeraha maana ndo kazi yangu, wikendi hazipiti bila kushona nyusi za watu wa bodaboda.

Watu mnaangalia damu. Damu ndo kitu kinachotisha kwenye TV lakini siyo swali la kwanza kwa anayeangalia jicho. Swali la kwanza ni anaona? Nyusi ikichanika juu ya mfupa inatoka damu nyingi sana, inatisha, ila ukiikandamiza dakika moja na pamba yenye adrenalini inatulia, mtu anafuta jicho anaona. Kope ni habari nyingine. Kope ni nyama laini, nyembamba, ikichanika inavimba haraka halafu inashuka, na hata ukifuta damu yote bado inabaki imeziba. Huwezi kuikandamiza kwa nguvu kwa sababu chini yake kuna jicho lenyewe.

Na hicho ndo alichokieleza Dk. Wallace baadaye, kwamba alipomtaka Vitali ainue kichwa amtazame, kope la juu lilimziba asione, ilibidi ageuze kichwa ndo amwone mtu aliyesimama mbele yake. Sasa jamani, mtu aliyesimama mbele yake alikuwa daktari ametulia. Baada ya dakika moja angekuwa Lewis. Lewis anapiga kulia, na kulia ya Lewis inakuja upande wa jicho gani la Vitali? La kushoto. Hilohilo.

Vitali alishonwa nyuzi zipatazo 60, na kulikuwa na mipasuko mingine shavuni na ndani ya mdomo. Mimi nyusi ya kawaida ya ajali naimaliza na nyuzi tano, sita. Hebu fikirieni ule uso ulikuwa kwenye hali gani kabla hamjasema daktari kanunuliwa.

Ngumi Jiwe

Sista nashukuru sana kwa hilo darasa, na sijasema daktari kanunuliwa, naomba nisiwekewe maneno. Ninachosema ni kwamba daktari aliangalia jicho peke yake hakuangalia pambano. Vitali amepasuka raundi ya 3, kapigana ya 4, ya 5, ya 6 na lile jicho na bado yuko mbele raundi 4 kwa 2. Kama hakuwa anaona alikuwa anampigaje Lewis jebu? Bondia mrefu kama yule, futi 6 na inchi 7, anapigana kwa kuegemea nyuma, hahitaji macho mawili kama mtu mfupi anayeingia ndani.

Na kuna jambo mnaliruka. Aprili 2000 Berlin, Vitali alikuwa bingwa wa WBO (shirika jingine la mikanda ya dunia) anapigana na Chris Byrd, anaongoza mbali kabisa kwenye kadi, bega likachanika, baada ya raundi ya 9 akabaki kwenye stuli yake akasema basi. Alitukanwa yule jamaa! Marekani walimuita mwoga, kwamba hana moyo, bingwa gani anaacha mkanda wake wakati zimebaki raundi tatu. Mdogo wake Wladimir ikabidi aende kumpiga Byrd Oktoba hiyohiyo kurudisha heshima ya familia. Sasa miaka mitatu mbele mtu yuleyule uso umechanwachanwa anawaambia niacheni nipigane, wanamkatalia. Kwa hiyo akiacha mwenyewe mwoga, akikataa kuacha anaachishwa. Afanyeje?

Chumvini Tanga

Hapo kwenye kutukanwa umenigusa. Tusiende mbali, Septemba 3, 2022 Liverpool, Hassan Mwakinyo na Liam Smith, imesimamishwa raundi ya 4 na Mwakinyo akawa analalamikia mguu na viatu. Kwetu huku watu hawakusubiri hata jua lichomoze. Maneno waliyomwambia yule kijana mitandaoni mimi yalinitoa machozi, watu ambao hawajawahi kuvaa glovu wanasema kajiuza, kaogopa. Wamesahau kwamba huyohuyo ndo alikwenda Birmingham Septemba 2018, hakuna aliyemjua, akammaliza Sam Eggington raundi ya 2 na nchi nzima ikasherehekea.

Mi sisemi Smith hakushinda. Kashinda, refa kasimamisha, TKO ni TKO. Nasema bondia akisema ameumia tuwe na desturi ya kuuliza kaumia wapi na kaumiaje kabla ya kumvua utu. Mguu wa bondia ndo ngumi yake, konde linaanzia chini kwenye kisigino linapanda kiunoni ndo linafika begani. Mguu ukigoma huna konde wala huna pa kukimbilia.

Mzee wa Jebu

Chumvini umesema kweli tupu na heshima kwako.

Namrudia Buda kuhusu Fury. Kwanza nikubaliane na wewe kwamba raundi zile za mwanzo baada ya kupasuka, ungekuwa ukumbi mwingine na daktari mwingine, Wallin leo angekuwa anaitwa mtu aliyempiga Fury. Hilo sibishani nalo. Lakini soma tena alichoandika Sista. Kidonda kikubwa cha Fury kilikuwa kwenye nyusi, damu inaingia jichoni lakini ikifutwa anaona, na kona yake ilikuwa na Jorge Capetillo, mtu wa kuzuia damu ya vidonda, ambaye alifanya kazi ya ajabu sana usiku ule. Mnaopenda ngumi siku moja acheni kuangalia wasichana wa mabango katikati ya raundi muangalie kona. Yule mtu ana dakika moja, na siyo dakika kamili, maana bondia anatembea mpaka kwenye stuli, anakaa, kocha naye anataka kuongea usoni kwake. Unabaki na sekunde arobaini hivi. Anafuta kwa taulo safi, anaingiza kijiti cha pamba chenye adrenalini ndani kabisa ya kidonda siyo juujuu, anakandamiza bila kuachia, halafu anaziba na mafuta ya mgando mazito ili glovu iteleze. Akiachia mapema kuchungulia, damu inaanza upya. Mapambano mangapi ya kwetu nimeona mtu wa kona anamwagia bondia maji kwenye kidonda na kufuta na taulo lilelile la jasho, halafu daktari akisimamisha kona inalia imedhulumiwa. Hapana. Kona imempoteza mtu wake.

Na Fury alibadilisha pambano. Alipoona hawezi kucheza mbali akaanza kumwingilia Wallin, kumlalia na kile kimwili chake, kumpiga mwilini. Daktari anaona mtu anaongoza mashambulizi. Vitali mwisho wa raundi ya 6 alikuwa ameshaanza kupokea.

Buda wa Eastlando

Mzee nimekusoma, hiyo ya kona iko poa sana na nimejifunza. Lakini bado hujanijibu, nani anaamua hii jicho ni ya raundi tatu na hii ni ya raundi tisa? Ni mtu mmoja na tochi. Hakuna kipimo. Hata kwa rekodi unaona wanaweza kosea, si ni hiyo hiyo Staples Center Oktoba 2011 Chad Dawson alimbeba Bernard Hopkins juu na bega akamwangusha chini, Hopkins bega ikatoka, hawezi endelea, na refa Pat Russell akampa Dawson TKO ya raundi ya 2. Hakuna ngumi hapo wasee! Mtu ameangushwa kama kwa mieleka na anapokonywa mkanda. Ilibidi komisheni ya California ikae baadaye mwaka huohuo ibadilishe iwe hakuna mshindi, na WBC wakamwachia Hopkins mkanda wake. Kama hawangebadilisha saa hii mngekuwa hapa mnaniambia TKO ni TKO.

Sista wa Zamu

Buda lakini ona kilichobadilishwa pale ni chanzo cha jeraha. Kwamba Hopkins hakuweza kuendelea hakuna aliyebisha. Kwa Vitali chanzo hakina ubishi, konde la raundi ya 3 lipo kwenye mkanda wa video mnaliona wote. Kwa hiyo kinachobaki ni uamuzi wa daktari peke yake, na hapo nakubaliana na wewe ni mtu mmoja na tochi. Sasa huyo mtu mmoja akikosea upande wa kusimamisha, bondia anakasirika na anarudi ulingoni mwaka uleule. Vitali Desemba 2003 alikuwa Madison Square Garden anamfumua Kirk Johnson raundi ya 2, jicho limepona, zima. Akikosea upande wa kuruhusu hakuna marudiano ya jicho. Mimi nikiwa na tochi hiyo nitasimamisha mapema kila siku na mnizomee tu.

Ngumi Jiwe

Sasa Sista umenifikisha ninapotaka, kwenye kurudi ulingoni. Tufanye nawakubalia TKO, tufanye daktari alikuwa sahihi asilimia mia. Lewis je?

Huyu Lewis ninayemheshimu kuliko mabingwa wengi ana sifa moja wanayoisema watu wote, kwamba kila aliyempiga alimrudia. Oliver McCall alimsimamisha London Septemba 1994, Lewis akamrudia Februari 1997 akashinda. Hasim Rahman alimlaza kule Brakpan Afrika Kusini Aprili 2001, alikwenda kule hajajiandaa, mzito, amechelewa kuzoea ule mwinuko, akala kulia moja akalala, na Novemba mwaka uleule akamrudia akamlaza raundi ya 4 kwa konde ambalo mpaka leo linaoneshwa. Ndo bingwa huyo. Anapoona kuna deni analipa. Sasa hili la Vitali ambalo dunia nzima iliona lina deni, Februari 2004 akatangaza kustaafu. Mkanda ukabaki wazi, Vitali akaupata Aprili pale pale Staples Center kwa kumsimamisha Corrie Sanders raundi ya 8. Hakuupata kwa mtu aliyekuwa nao.

Nisieleweke vibaya, mtu wa miaka 38 ana haki ya kwenda nyumbani na akili zake timamu, na Lewis ni mmoja wa wachache waliotoka kwenye huu mchezo wakiwa salama. Lakini lile pambano halijaisha. Ndo maana linauma. Vitali kamaliza ngumi zake na ushindi 45 na vipigo 2, vyote viwili kwa majeraha, vyote viwili akiwa mbele kwenye kadi, hajawahi kuangushwa chini hata mara moja.

Mzee wa Jebu

Kuhusu marudiano tuko pamoja, ningetaka kuyaona kuliko pambano lolote la muongo ule. Ila hakumkimbia mtu, ukishinda huna deni, deni ni la aliyeshindwa. McCall na Rahman walimpiga, ndo maana aliwafuata.

Na unaongelea 58-56 kama vile zilikuwa zimebaki dakika mbili. Zilikuwa zimebaki raundi 6. Naomba ufanye kitu kimoja, rudia raundi ya 6 peke yake, zima sauti usisikie watangazaji, uniangalizie ile apakati ya Lewis, lile konde la kutoka chini kwenda kidevuni. Angalia shingo ya Vitali kabla haijafika. Uje useme kama aliiona.

Ngumi Jiwe

Nimeirudia mzee. Inaanzia chini, upande wa jicho bovu, na Vitali shingo ameigeuza anamtafuta Lewis kwa jicho la kulia, hakuiona. Hilo nakuachia.

Ila na wewe angalia kinachofuata. Apakati ile ingemlaza mtu mwingine yeyote wa enzi ile, Vitali kaila na bado kasimama na anarusha. Lewis kaweka kila alichonacho kwenye lile konde na mtu hajaenda chini, na anajua zimebaki raundi 6 na mapafu yake yamekwisha. Wewe kama uko kona ya Lewis, na kocha wake Emanuel Steward ndo huyo anakuambia umalize mapema, unaenda raundi ya 7 una matumaini?

Mzee wa Jebu

Naenda, kwa sababu yeye haoni na mimi naona. Lakini naenda nimechoka, hapo sikukatalii.

Chumvini Tanga

Mimi kwenye kadi yangu raundi ya 6 nilimpa Lewis, na ya 3 pia. Nne zilizobaki za Vitali. Wengine mlihesabuje?